Mguu wa Chini ya Meza

Watu wa kiwandani walimwita Kimya, na jina hilo hakupewa kwa fitina. Angeweza kushinda kutwa nzima katika chumba cha kuonjea asitoe neno, ila ile sauti ya kufyonza kahawa kutoka kwenye kijiko. Sauti yenyewe si ya adabu hata kidogo. Kahawa ya kuonja hainywewi kwa upole; huvutwa kwa nguvu, fyuuu, itawanyike mdomo mzima, halafu hutemwa kwenye ndoo. Asiyejua kazi ile akipita nje hudhani kuna mtu ndani anazama. Marehemu mama yake alimfundisha kunywa uji bila kelele, akachapwa kwa ajili hiyo na akashika somo. Kisha akaja Mjomba akamfundisha kelele upya.

Mjomba ndiye mwenye kiwanda. Si kiwanda cha kutisha: ghala la magunia, mashine mbili za kukaangia, chumba cha kufungia pakiti, na hicho chumba cha kuonjea ambacho mlango wake haukai wazi hata kwa dakika. Harufu za nje haziruhusiwi kuingia. Feni hairuhusiwi, inapeperusha mvuke wa vikombe. Dirisha lipo, kubwa tu, lakini ni la kioo kilichokazwa kwa simenti, la kuonea mwanga basi. Mchana wa joto, watu wawili na safu ya vikombe vya moto, mle ndani unajisikia kama mkate tanurini.

Na si chumba peke yake kilichofungwa. Mwonja kahawa hufungwa mdomo pia. Kitunguu hapana. Pilipili hapana. Marashi, sabuni ya harufu, dawa ya meno asubuhi, yote hapana, na pombe ndiyo usiitaje kabisa. Kimya aliwahi kupata mchumba, mtu mzuri, mcheshi, mwenye nyumba yake, ila alikuwa muuza marashi. Kila walipoonana ilimbidi akae upande upepo unakotoka, tena mbali, kama wanaogombana. Yule bwana alivumilia mpaka akachoka. Alipoaga alisema hajawahi kuona mwanamke anayependwa na pua yake mwenyewe kuliko na mwanamume. Kimya hakumjibu, maana alikuwa na kikao cha kuonja asubuhi ya kesho yake na hakutaka kulia pua ikaziba.

Hayo yote angeyabeba. Kazi ni kazi, na kila kazi ina kero zake. Lililomkaba ni lile la chini ya meza.

Miaka kadhaa nyuma Mjomba aliugua mafua. Si mafua ya kupenga kamasi ukaendelea na shughuli zako. Yalimlaza kitandani, na yalipoondoka yaliondoka na pua yake na ulimi wake. Hakumwambia mtu. Alirudi kwenye kiti chake, akashika kijiko, akaendelea kuhukumu kahawa za watu kama zamani. Ilikuwaje akagundulika? Mfagizi aliosha birika akasahau kulisuuza, na kahawa ya asubuhi hiyo ikaja na sabuni ndani. Kimya alifyonza kijiko cha kwanza akatema mpaka machozi yakamtoka. Alipoinua macho, Mjomba alikuwa amefumba yake, anatikisa kichwa kwa raha.

"Hii," alisema Mjomba, "ina ulaini wa ajabu."

Kimya alingoja mfagizi atoke. Akahakikisha mlango umefungwa, akasema, "Mjomba, hiyo ni sabuni."

Mzee aliweka kijiko chini. Kisha akafanya jambo ambalo Kimya hakuwahi kumwona akimfanyia mtu yeyote, awe benki au serikali. Alimshika mikono yote miwili kama mwombaji. "Mwanangu," alisema, "nisitiri."

Sasa, ungekuwa wewe ungefanya nini? Mama yake Kimya alifariki binti akiwa darasa la tatu. Ndugu walikaa kikao kirefu wakitazamana, kila mmoja na udhuru wake, na Mjomba peke yake ndiye aliyesimama, akabeba begi la mtoto, akasema twende. Alimlaza chumba cha uani, akamsomesha, akakesha naye alipougua homa, akampa kazi. Mtu wa namna hiyo akikuambia nisitiri, humwambii ngoja nifikirie. Kimya alimsitiri.

Ikawa hivi. Meza ya kuonjea ni ndefu, imefunikwa kitambaa kinachofika karibu na sakafu, na wao wawili hukaa upande mmoja, bega kwa bega. Desturi ya chumba ni kwamba mkubwa husema kwanza, na wengine huzuia nyuso zao. Hukunji uso wala hutabasamu, usije ukamwambukiza mwenzako maoni yako. Kwa hiyo usoni Kimya alikuwa ukuta. Chini ya kitambaa, mguu wake wa kushoto ulikuwa juu ya mguu wa kulia wa Mjomba. Kubonyeza mara moja, kahawa mbaya, irudi kwa mwenyewe. Mara mbili, ya kawaida. Kubonyeza kwa muda mrefu, kahawa nzuri. Kisigino maana yake uvundo wa gunia, vidole maana yake uchachu, na kusugua kwa ubavu wa kiatu maana yake imeungua. Mjomba aliipokea ile habari mguuni, akaegemea kiti, na hapo ndipo utamu wake ulipoanza, maana mzee yule alikuwa na maneno jamani. Kutokana na vidole viwili vya mpwa wake aliweza kutoa hotuba ya machungwa yaliyoiva, ya asali ya porini, ya mvua ya kwanza kwenye vumbi. Wanunuzi waliandika kila alichosema. Kimya alikuwa na ulimi, Mjomba alikuwa na maneno, na jina la kiwanda likazidi kupanda.

Siku moja Kimya alikazwa na msuli wa mguu. Alibonyeza kwa maumivu, akabonyeza asiweze kuachia, huku uso wake ukiwa ukuta kama ulivyoagizwa, na Mjomba akatangaza kwamba kahawa ile, iliyonuka gunia bovu, ni kahawa ya karne. Ilinunuliwa yote. Wiki mbili Kimya hakulala vizuri akingoja malalamiko. Zikaja pongezi. Watu waliinywa wakaisifu, wengine waliona kabisa ile mvua ya kwanza kwenye vumbi. Tangu siku hiyo alianza kujiuliza kama kazi yake ina maana yoyote, na hilo ni swali baya la kujiuliza ukiwa huna pa kwenda.

Nyumbani mambo hayakuwa tofauti. Mkaza mjomba alipika vyungu viwili, kimoja cha watu na kimoja cha waonjaji, kisicho na kitu ila chumvi ya kulamba tu. Miaka yote Mjomba alikuwa mlaji wa kulalamika, mchuzi mzito, mchuzi mwepesi. Ghafla baada ya mafua akawa anasifu kila kitu. Mkaza mjomba, maskini, akafikiri mapenzi yamerudi. Akaanza kuvaa vizuri jioni. Akaanza kuimba jikoni. Wali ulipoungua, mumewe alisema hajawahi kula wali kama huo, na yule mama akacheka kama msichana. Kimya alitazama sahani yake akatafuna. Hata pale mezani, penye mwanga wote ule, alikuwa mlinzi wa siri isiyokuwa yake.

Alikuwa amechoka. Tuseme ukweli, alikuwa na hasira pia, ile hasira ya mtu asiyeruhusiwa kuwa nayo. Ukimchukia mtu mbaya unapata nafuu. Ukimchukia aliyekulea, unamaliza kumchukia yeye unaanza kujichukia wewe.

Ndipo akaja Mama Vinywaji.

Jina hilo walimpa walinzi wa getini. Alikuwa mnunuzi mkubwa kutoka mji mwingine, mwenye nyumba ya kuchanganyia na kufungia vinywaji vya hoteli, mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara. Alikuwa akinunua kahawa kwa Mjomba kwa muda mrefu. Mchana huo alimkuta Kimya peke yake ujiani akisuuza vijiko, akamshika kiwiko.

"Dada, nisikilize haraka kabla mzee hajaja. Nahitaji mwonjaji wa kukaa kwangu. Mtu wangu mwenyewe, na nyumba ya kuishi ipo. Mjomba wako amekula chumvi nyingi, siwezi kumhamisha. Nimekufikiria wewe."

Kimya aliacha kusuuza.

"Tatizo moja," aliendelea yule mama. "Miaka yote naja hapa sijawahi kukusikia ukisema. Sijui kama unajua kitu au unajaza kiti. Leo nimeleta kinywaji. Nataka nisikie kutoka kinywani mwako. Ukinyamaza, nitatafuta kwingine, na wala sitakulaumu."

Hakungoja jibu. Alitangulia chumbani na kikapu chake, Kimya akafuata na vijiko vyake.

Mjomba alikwisha kukaa kwenye kiti chake, tai imenyooka, kicheko tayari. Mama Vinywaji akatoa kwenye kikapu chupa ya kioo cheusi na glasi tatu ndogo alizofunga kwa taulo.

"Hii ni wiski ya Ayalandi," alisema. "Wenyewe wameitia kahawa. Hoteli zote zinaniuliza hii. Wanainywa baada ya chakula, na barafu, wengine wanamimina kwenye kahawa ya moto. Sasa mimi nataka nitengeneze kahawa yangu ya baridi ya kuandamana nayo. Niambieni humu ndani mna kahawa ya namna gani, nisije nikaunganisha ndoa ya ugomvi."

"Karibu uweke hapa mezani," alisema Mjomba, na chini ya kitambaa akausogeza mguu wake mahali pake.

"Mezani hapana. Mimi wiski siwezi kuionja nimekaa kama mtihani. Njooni hapa dirishani kwenye mwanga."

"Sisi tumezoea kukaa."

"Mzee wangu, ulimi kama wako utaonja hata juu ya ngazi."

Mjomba alicheka, kicheko kifupi, akamtazama mpwa wake. Kimya akaona hofu machoni mwake, hofu tupu, kama ya mtoto aliyeachiwa mkono sokoni. Na jambo la kwanza lililompita moyoni, Mungu amsamehe, lilikuwa furaha. Meza haipo. Si yeye aliyeiondoa. Mara moja akaona aibu, lakini furaha ilikuwa imekwisha kupita na aliiona ilivyo.

Wakasimama watatu mbele ya kile kioo, sakafu nyeupe kati yao, kila mmoja na glasi yake. Kimya hakuwahi kunywa pombe katika maisha yake. Aliinusa kwanza. Kahawa ilikuwepo, iliyokaangwa mpaka kukaribia kuungua, na nyuma yake sukari inayoyeyuka kwenye sufuria, na vanila, na harufu ya seremala anapopiga randa ubao mkavu. Kisha akafanya alichozoea kufanya kwa kila kinachoingia mdomoni mwake. Akafyonza. Fyuuu, kwa nguvu zote, kama kahawa ya sampuli.

Hakuna aliyekuwa amemwonya kwamba wiski haifyonzwi. Mvuke ulimpanda puani ukatokea machoni. Masikio yakawaka. Machozi yakamtiririka, akainama kutafuta ndoo ya kutemea, na ndoo ilikuwa imebaki kule mezani, mbali. Akasimama hapo, mashavu yamejaa, hana pa kupeleka ule moto. Akameza.

Ulishuka. Aliusikia ukipita kooni, kifuani, ukishuka mpaka mahali ambapo kahawa ya kazini haikuwahi kufika, maana tangu aanze kazi hiyo alionja kila kitu na hakunywa chochote. Na ulipofika chini ukatulia, na pale ulipokuwa umepita pakabaki utamu, taratibu, kahawa na sukari ya kuungua na ule ubao, vikipishana bila haraka. Kilikuwa kitu kizuri. Hakikumtaka ahukumu. Alilamba mdomo wa juu. Akanywa tena, safari hii kidogo, bila kufyonza, akameza kwa hiari yake, na kabla hajajua anachofanya alikuwa anacheka peke yake kama mwehu, machozi bado mashavuni.

Mjomba naye alikuwa amefyonza, akakohoa, akajifuta kwa leso. Sasa alikuwa amemkazia macho mpwa wake.

"Mzee," alisema Mama Vinywaji, "anza wewe."

Mjomba hakumtazama yule mama. Alimtazama Kimya, akaanza. "Inaanza kwa ukali," alisema polepole. "Inakupiga kwanza, mpaka machozi. Wengi wataishia hapo. Lakini ukivumilia inakuachia, inakutuliza, halafu inakuletea utamu ambao hukuutegemea." Alitua, akaona Kimya anavyopangusa shavu. "Si utamu wa kitoto. Ni wa mtu aliyenyimwa kwa muda mrefu. Ukiipata hii unakumbuka kwamba una mwili."

"Haa!" alisema Mama Vinywaji. "Mzee, wewe ni moto wa kuotea mbali."

Kicheko kilimkauka Kimya mdomoni. Hakukuwa na mguu. Hakukuwa na meza. Mzee alikuwa amemsoma usoni, neno kwa neno, ile raha yake ya kwanza kwa miaka mingi, akaitoa nje na kumpa mteja. Alijisikia kama mtu aliyechunguliwa akioga. Alikuwa amekubali kumpa ulimi wake. Uso hakuuahidi.

"Na wewe, dada?" aliuliza Mama Vinywaji, na sauti yake ilikuwa imebadilika kidogo. Hii ndiyo nafasi, ilisema sauti hiyo.

"Huyu hupenda kusikiliza," alidakia Mjomba. Maneno yalimtoka kwa kasi. "Tena niseme, mama, nimesikia kwa watu kwamba unatafuta mwonjaji. Usihangaike. Tutakuja wote wawili, mimi na yeye, kila utakapotuhitaji. Sisi hatuachani."

Kumbe alijua. Kimya alimtazama yule mzee, tai yake, leso yake, mikono iliyobeba begi lake la utotoni, na akauona mlango unafungwa taratibu kabisa, kwa upendo, na mtu ambaye angefunga na mwingine na mwingine mpaka mmoja wao afe. Akapiga moyo konde.

"Mjomba," alisema, "onja tena."

"Nimeshaonja, mwanangu."

"Onja tena. Mimi nitatazama nje."

Akampa mgongo. Mbele yake kulikuwa na uwanja wa kiwanda, watu wawili wanapakia magunia, mbwa wa mlinzi kalala kivulini. Alisikia glasi inainuliwa. Alisikia Mjomba akifyonza, akimeza, akikohoa.

"Enhe, mzee," alisema Mama Vinywaji, aliyedhani ni mchezo wa mafundi. "Ni kahawa gani?"

Mashine ya kukaangia ilikuwa ikizunguka kule upande wa pili wa ukuta. Kimya alishika ukingo wa dirisha kwa mikono yote miwili ili asigeuke. Angegeuka tu, angemtupia jicho moja, na mzee angeokoka. Alijua hivyo. Hakugeuka.

"Moto," alisema Mjomba hatimaye, na ile sauti ya hotuba haikuwepo. "Nasikia moto tu. Tangu yale mafua sisikii kitu kingine, mama. Sabuni na asali kwangu ni mamoja. Huyu ndiye aliyekuwa akionja. Mimi nilikuwa nasema."

Watu hudhani mtu akijikomboa hujisikia mwepesi. Kimya alijisikia mwizi. Mtu alimwomba amsitiri, naye amemvua nguo mbele ya mgeni, mchana, kwenye mwanga. Aligeuka akamkuta Mjomba ameshika glasi kwa mikono miwili, mabega yameshuka, mdogo kuliko alivyomjua.

Mama Vinywaji hakucheka wala hakusikitika. Alikuwa mfanyabiashara. "Basi sasa," alisema, "sema wewe."

Kimya akafungua mdomo. Ladha yote ilikuwepo, imepangika, angeweza kuihesabu kipande kwa kipande. "Ni," alisema. "Ina... mwanzo wake ni..." Akajaribu tena. "Kuna kitu kama..." Kama nini? Miaka yote hiyo hakuwahi kuhitaji neno hata moja. Mguu wake wa kushoto ukajisogeza wenyewe ukabonyeza sakafu, kwa muda mrefu, kisha ukasugua kwa ubavu wa kiatu. Watu watatu wakashusha macho wakautazama.

Alitaka ardhi ipasuke. Alikuwa ametoka kwenye chumba kimoja akajikuta kwenye kingine kidogo zaidi, na humu alikuwa peke yake.

Mjomba alikuwa ameusoma ule mguu. Ilionekana. Midomo yake ilianza kujipanga, na ungeona kabisa sentensi ikija, nzuri, ndefu, iliyokamilika. Imeungua lakini kwa uzuri, angeanzia hapo. Angemwokoa. Angemwokoa na mambo yangerudi yalivyokuwa. Akafumba mdomo.

"Sema mwenyewe, mwanangu," alisema. "Usinitazame mimi."

Kimya akaitazama glasi. "Kahawa yake imeungua," alisema. "Wameiunguza makusudi, ili isizidiwe na wiski. Ukileta kahawa chachu karibu yake zitagombana. Tafuta nzito, isiyo na makeke." Hayo yalikuwa ya kazi. Mama Vinywaji alikuwa bado anangoja. "Na sikutaka kuitema," alisema Kimya.

"Nini?"

"Nimezoea kutema. Hii sikutaka kuitema."

Mama Vinywaji alimwangalia, akaitikia kwa kichwa mara moja kama mtu anayefunga hesabu. "Nafasi ni yako. Utakuja lini?"

Kimya alimgeukia Mjomba, mazoea ni mazoea. Alitaka aambiwe nenda, au aambiwe usiende, lolote, mradi lisiwe lake. Mzee alikuwa anatazama uwanjani, anawatazama wapakiaji. Lilikuwa lake.

"Mwisho wa mwezi," alisema.

Yule mama alikusanya kikapu chake, akawaachia chupa, akaondoka akipiga kelele za kuita dereva tangu ujiani. Mlango ukafungwa kwa desturi. Wakabaki wawili kati ya vikombe vya asubuhi vilivyopoa.

"Nani atakuonjea, Mjomba?" aliuliza Kimya.

"Kesho nitawaambia watu wote. Nitatafuta mtu, au nitauza mashine. Nitajua." Alikaa, akalegeza tai. "Ila mkaza mjomba wako simwambii. Huyo amekuwa na furaha siku hizi."

"Usimwambie."

"Anaimba jikoni."

"Namsikia."

Wakacheka kidogo, wakaacha. Mjomba akasogeza glasi yake. "Nimiminie. Ule moto angalau nausikia."

Kimya akammiminia. Mzee alikunywa taratibu, bila kufyonza, akaweka kiganja kifuani na kuufuata unavyoshuka. "Uko hapa," alisema. "Sasa uko hapa." Kisha akainua macho. "Na kile kingine, mwanangu? Kile kilichokuchekesha. Kikoje?"

Kimya alikaa mbele yake akajaribu kumweleza. Alitaja sukari, akaona haitoshi. Alitaja ubao, akataja kuungua, akarudi kwenye sukari. Alitafuta neno, akalikosa, akatafuta jingine. Mjomba alingoja kwa subira, kichwa mbele, glasi mkononi, akiitikia kwa kichwa kila alipoona analikaribia. Hakulipata. Mzee akaona anavyohangaika, akamwonea huruma.

"Ni tamu?" aliuliza.

"Ni tamu sana, Mjomba."

Mjomba akanywa tena, akaufumba mdomo, akaungoja huo utamu.